Begi la dharura: nini kitangulie, kiasi gani, na kila kifaa hukwamia wapi

Watu wengi wakifungasha begi la dharura huanza na chakula na kisu, kisha nafasi inayobaki ndiyo hupewa maji, turubai na filimbi. Mpangilio huo umepinduka. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa damu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Aliyelowa akapigwa na upepo wa baridi huwa hatarini baada ya saa chache tu. Bila maji, siku tatu ni nyingi, na kwenye jua kali hazifiki. Bila chakula, mtu mzima mwenye afya huvumilia wiki kadhaa. Fungasha kwa mfuatano huo: kwanza damu, kisha joto la mwili, kisha maji, kisha namna ya kuonekana na kusikika. Chakula ni cha mwisho.

Jambo la pili ni kwamba kila kifaa kina ugonjwa wake. Kiberiti cha gesi hukataa kwenye baridi, kichujio hufa kikiganda, betri huvuja likiwa ndani ya tochi. Anayeujua ugonjwa huo mapema hununua kifaa kinachofaa na kukitunza inavyopasa. Asiyeujua huugundua gizani, mvua ikinyesha.

Begi lenyewe

Begi la mgongoni la lita 30 hadi 40 lenye mkanda wa kiunoni linatosha mtu mmoja kwa siku tatu. Likishajaa, maji yakiwemo, lipime. Lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Mwenye kilo 60 asivuke kilo 12, na asiyezoea kubeba apunguze zaidi. Begi zito kupita kiasi huishia kuachwa njiani pamoja na vyote vilivyomo.

Usiamini maandishi yanayosema kitambaa hakipitishi maji, kwa sababu mishono na zipu hupitisha. Tandika mfuko mzito wa plastiki ndani ya begi kabla ya kuweka chochote, kisha sokota mdomo wake na ukunje. Vitu vya haraka vikae juu au mifuko ya pembeni: vifaa vya kuzuia damu, tochi, koti la mvua, turubai. Ukilazimika kumwaga begi zima kwenye matope ili upate bandeji, umepanga vibaya.

Vitu vitano visiingie begini kabisa. Filimbi, kiberiti, blanketi la foili, kisu kidogo na simu vikae kwenye mifuko ya nguo unayovaa au vining'inie shingoni. Mtu huweza kuteleza mtoni na kutenganishwa na begi lake, na hapo kinachobaki ni kile kilicho mwilini.

Kulinda joto la mwili

Mwili hupoteza joto kwa ardhi unayolalia, kwa upepo, kwa unyevu wa nguo na kwa joto linalotoka kwenye ngozi kwenda hewani. Unyevu ndio mbaya zaidi, maana maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana mtu anaweza kuzidiwa na baridi hata mahali ambapo hakuna barafu: mvua, upepo na usiku vinatosha.

Pamba hunywa maji, hukaa nayo muda mrefu na kupoteza uwezo wake wa kuhifadhi joto. Sufu na poliesta huhifadhi joto kiasi hata zikiwa na unyevu, na poliesta hukauka upesi. Funga seti moja kamili ndani ya mfuko wake usioingia maji: fulana ya mikono mirefu, suruali ya ndani, soksi jozi mbili, kofia inayofunika masikio, glavu. Seti hiyo ni ya kuvaa ukishasimama na ukishapata kinga. Ukitembea nayo mvuani umeichoma akiba yako.

Turubai la mita 3 kwa 3 linatosha watu wawili. Beba kamba ya nailoni ya unene wa milimita 3 au 4, mita 20 kwa jumla: kipande kimoja cha mita 10 kwa mgongo wa paa, na vipande vitano vya mita 2 kwa kingo. Ikate nyumbani, kwa kuwa vidole vilivyopoa havikati wala havifungi vizuri. Ncha zilizokatwa zichome kidogo kwa moto ili zisifumuke.

Kabla ya kufunga, tazama mahali. Usilale kwenye mkondo mkavu wa mto, wala chini ya tawi lililokufa, wala bondeni kabisa ambako hewa baridi hutuama, wala kilimani mahali wazi. Funga kamba ndefu kati ya miti miwili kwa kimo cha kiuno, na upepo ukiwa mkali ishushe zaidi. Upande unaokabili upepo ufike chini kabisa. Vigingi vichomekwe vikiwa vimeinamia upande wa mbali na turubai. Pete za pembeni za turubai la bei ndogo hung'oka usiku wa kwanza wenye upepo. Zikikatika, weka kijiwe laini ndani ya kona ya turubai, kikunje humo, kisha funga kamba shingoni mwa kifundo hicho. Kinashika kuliko pete.

Wengi hufunga paa zuri kisha wakalala juu ya ardhi tupu, na ardhi ndiyo huwamaliza. Mkeka wa povu wa unene wa sentimita 1 una faida kubwa kuliko blanketi la pili juu yako. Usipokuwa nao, kusanya majani makavu, nyasi au matawi membamba. Kiasi kinachohitajika ni kingi kuliko unavyodhani: ukishalala na kuyakandamiza, yabaki na unene usiopungua sentimita 10.

Blanketi la foili husifiwa kupita uwezo wake. Hurudisha joto linalotoka mwilini kama mionzi na huzuia upepo, lakini likigusana moja kwa moja na ardhi baridi halisaidii chochote. Jifunike nalo juu ya nguo kavu, kisha vaa koti juu yake. Kwa kuwa halipitishi hewa, jasho hugeuka matone ndani, kwa hiyo lifungue kidogo kila mara. Likipata mpasuko mdogo huchanika lote. Nunua lenye umbo la mfuko, lililo nene, na siyo lile jembamba linalokunjwa likalingana na kiganja. Mfuko mzito wa taka wa lita 200 ni mbadala mzuri: kata tundu la uso upande mmoja, chini kidogo ya kitako cha mfuko, kisha uvae kichwani hadi miguuni ukiwa umeketi juu ya mkeka. Uso ubaki nje daima.

Dalili za mtu anayezidiwa na baridi huja kwa mpangilio. Hutetemeka, huanza kujikwaa, vidole vyake havishiki, maneno yake yanapinda. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni hatari. Akiacha kutetemeka huku bado amepoa na amechanganyikiwa, usishangilie: hali imezidi kuwa mbaya. Mlaze, mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunge kwa nguo kavu juu na chini, kichwa kikiwemo. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kwapani na kifuani. Kinywaji cha moto chenye sukari apewe tu kama yuko macho na anameza bila shida. Pombe hapana, maana hupanua mishipa ya ngozi na kulimwaga joto nje. Usimsugue mikono na miguu wala kumtikisatikisa. Moyo uliopoa sana huweza kuvuruga mapigo kwa mshtuko mdogo.

Kwenye joto kali kanuni ni fupi: kivuli, pumziko mchana, mwendo alfajiri na jioni. Mtu mwenye joto la mwili la nyuzi 40 au zaidi na aliyeanza kuweweseka apozwe papo hapo kwa kumwagiwa maji na kupepewa. Usisubiri usafiri ufike ndipo uanze.

Moto

Beba vyanzo vitatu vya moto: viberiti viwili vya gesi, njiti ndani ya chupa ndogo yenye kifuniko cha kuzungusha pamoja na kipande cha kuwashia, na kijiti cha chuma cha kutoa cheche. Gesi ya butani iliyo ndani ya kiberiti huacha kugeuka hewa karibu na nyuzi 0, hivyo kiberiti kikigoma kwenye baridi kipashe kwapani kwa dakika chache. Kijiti cha cheche kinafanya kazi hata kikilowa, ila kinahitaji mazoezi. Asiyejaribu nyumbani hatafaulu kwenye mvua.

Chachu ya moto itengeneze mwenyewe. Chukua pamba, paka mafuta mazito ya mgando upande wa nje, ndani iache kavu. Wakati wa kuwasha, ichambue hadi nyuzi kavu zitokeze, kwa sababu cheche haziingii kwenye pamba iliyoloa mafuta yote. Kipande kimoja cha ukubwa wa ndimu ndogo huwaka dakika kadhaa. Kumi vinaenea kwenye kikopo kidogo.

Moto mwingi hufa kwa moja ya sababu mbili: kuni kubwa zimewekwa mapema, au ndogo zimeisha kabla kubwa hazijashika. Panga mafungu manne kabla ya kuwasha: unene wa njiti ya kiberiti, wa penseli, wa kidole gumba na wa kifundo cha mkono. Mafungu mawili ya kwanza yawe mara mbili ya unavyoona yanatosha. Kuni zilizolala chini huwa na unyevu. Vunja zilizokufa zikiwa bado zimening'inia mtini.

Jiko la mkaa au la gesi lisiwashwe ndani ya hema wala chumba kilichofungwa, hata kwa dakika kumi za kupasha mikono. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto huo, haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki.

Maji

Nyumbani weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika kidogo na usafi wa lazima. Siku tatu ndiyo kiwango cha chini, wiki mbili ndiyo akiba ya kweli. Begini huwezi kubeba kiasi hicho, kwani lita 1 ni kilo 1. Beba lita 2 na njia mbili tofauti za kusafisha mengine. Ukiwa na kiu, kunywa. Watu wamekutwa wamekufa kwa kiu huku chupa ina maji. Kinachobanwa ni jasho: punguza mwendo, kaa kivulini.

Maji yaliyochafuka yatulize saa moja, kisha yamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Hatua hii huonekana ndogo, lakini bila hiyo klorini huishia kwenye matope na kichujio huziba.

Kuchemsha ndiko kunakoaminika zaidi. Yakitokota kwa nguvu, hesabu dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hesabu dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini. Kuchemsha robo saa ni kupoteza kuni tu.

Klorini ya kufulia inafaa ikiwa ni ile ya kawaida isiyo na manukato, sabuni wala kuongezwa uzito, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6. Tia matone 2 kwa lita 1 ya maji angavu, au matone 4 yakiwa na ukungu. Tikisa, subiri dakika 30, kisha nusa. Harufu hafifu ya klorini isiposikika, rudia kiasi kilekile na usubiri dakika 15 nyingine. Maji baridi sana yanahitaji muda mrefu zaidi. Legeza kifuniko na upindue chupa ili maji yenye dawa yaoshe nyuzi za mdomo. Matone yasiyosafishwa hubaki hapo na ndipo midomo inapogusa. Klorini hupoteza nguvu ikikaa, hasa kwenye joto na mwanga. Andika tarehe kwenye chupa na uibadilishe kila baada ya miezi 6. Usiichanganye kamwe na siki, amonia au dawa ya kusafishia choo, maana hutoa gesi yenye sumu.

Klorini ina mpaka wake: kimelea kiitwacho Cryptosporidium hustahimili dozi hiyo bila shida. Vidonge vya klorini dioksidi hukiua, ila vinahitaji saa 4. Kuchemsha hukiua mara moja, na kichujio chenye matundu ya maikroni 0.1 au 0.2 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hukizuia. Kichujio hicho nacho huzuia bakteria lakini huacha virusi vipite, kwa hiyo penye vinyesi vya watu chuja kwanza, kisha tia klorini. Ndivyo viwili hivyo vinavyozibiana mapengo.

Hatari kubwa ya kichujio cha nyuzi ni kuganda. Kikishatumika, maji hubaki ndani. Yakiganda hupanuka na kupasua nyuzi, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Maji yataendelea kutoka yakiwa mazuri kwa sura na machafu kwa ukweli. Usiku wa baridi lala nacho ndani ya nguo. Kikiganda, kitupe.

Ukikosa vyote, jua linasaidia. Jaza maji angavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, uzilaze juani kwa saa 6; mawingu yakitanda, siku 2 mfululizo. Ukiweka chupa juu ya maandishi na ukashindwa kuyasoma kupitia ndani yake, maji hayo hayafai kwa njia hii.

Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayoondoa mafuta ya magari, dawa za mimea au chumvi. Maji ya mafuriko yenye utando wa rangi juu yake yaache. Maji ya bahari na mkojo huongeza chumvi mwilini na kuharakisha kifo.

Damu na majeraha

Kwa jeraha linalovuja, bonyeza moja kwa moja kwa nguvu ukitumia kitambaa safi, usinyanyue kuchungulia. Damu ikirusha au kulowesha nguo upesi kwenye mkono au mguu, tumia mkanda maalumu wa kubana wenye kijiti cha kuzungusha. Ufunge sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kuelekea moyoni, usiufunge kwenye kiungo, zungusha hadi damu isimame, kisha andika saa. Huuma sana, na maumivu siyo sababu ya kuulegeza. Uondolewe na mhudumu wa afya. Kamba nyembamba au waya hukata nyama bila kubana mshipa. Kifurushi kiwe na mkanda huo mmoja, bandeji mbili pana za kukandamiza, shashi, plasta ya malengelenge, glavu, mkasi, na dawa zako za kila siku za siku 7.

Kwa kuharisha, pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini ndizo bora. Zikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Pima kwa makini. Chumvi ikizidi, hasa kwa mtoto, ni hatari kubwa.

Mwanga, simu na ishara

Tochi ya kichwani hushinda ya mkononi kwa sababu mikono inabaki huru. Betri za alkali huvuja na kuunguza mabati ya ndani, hivyo zihifadhi nje ya tochi. Za lithiamu zisizochajiwa hukaa miaka mingi na hustahimili baridi. Chaja ya akiba ya simu hupoteza chaji ikiwa imelala, ijaze kila miezi 3. Mahali pasipo na mtandao, simu hujimaliza kwa kutafuta minara: iweke kwenye hali ya ndegeni, iwashe kwa muda maalumu, tuma ujumbe mfupi. Ujumbe hupenya mara nyingi pale ambapo sauti haipiti. Namba ya dharura 112 hufanya kazi kwenye mitandao ya simu za mkononi ya GSM ya nchi nyingi.

Filimbi husikika mbali kuliko sauti na haichoshi koo. Chagua isiyo na punje ndani, kwani punje hukwama ikilowa au kuganda. Milio mitatu, nyamaza, rudia. Tatu ya chochote ni ishara ya dhiki, iwe mioto au mimuliko ya tochi. Milimani hutumika milio sita kwa dakika, kisha dakika moja kimya, na anayejibu hutoa mitatu kwa dakika. Kwa ndege, tandika chini alama ya V kuomba msaada au X kuomba tabibu, yenye urefu usiopungua mita 2.5, kwa rangi inayopingana na ardhi. Unayekwenda mbali na minara, fikiria kifaa cha kutuma ishara ya dhiki kwa satelaiti, cha masafa ya 406 MHz, na ukisajili kabla ya safari, kwa sababu bila usajili waokoaji hawajui wanamtafuta nani.

Chakula kiwe cha kuliwa bila kupikwa na kisichotia kiu. Usile kama huna maji. Kisu kisichokunjika chenye makali ya urefu wa sentimita 10 kinatosha kazi zote. Kikubwa zaidi ni uzito tu.

Kabla ya kutoka

Acha karatasi kwa mtu unayemwamini: njia utakayopita, majina ya mnaoandamana, rangi ya begi na koti, saa ya kurudi, na saa kamili ambayo asipokusikia atoe taarifa. Pengo kati ya saa hizo mbili liwe saa chache, si siku nzima. Ukibadili njia, mjulishe. Wasipojua, waokoaji watapekua bonde ambalo hukupita.

Kila miezi 6 mwaga begi lote sakafuni. Washa tochi, puliza filimbi, pitisha lita 1 kwenye kichujio, soma tarehe za dawa na klorini, jaribu nguo za watoto ambazo huenda hazitoshi tena. Angalau mara moja, jioni ya mvua, funga turubai nje ukiwa na glavu na tochi ya kichwani pekee, na ulale humo hadi asubuhi. Kitakachokusumbua usiku huo kibadilishe kabla begi halijafungwa tena.